Mkono Wangu Ulisema Ni Mimba

Mwaka ule tulikula dengu za njano za wakimbizi. Mtu wa Kuluba akisikia hivyo anajua mara moja ninasema mwaka gani. Mihogo ilioza ndani ya ardhi. Ukiing'oa unakuta mistari ya kahawia kama mbao iliyonyeshewa, hata mbuzi anageuza mdomo. Basi tukanunua dengu za msaada kwa ndugu zetu waliokimbilia huku Uganda kutoka Sudan Kusini, ambao wenyewe walikuwa wamechoka kuzila. Unaziweka motoni asubuhi, jioni bado zinagonga sufuria kama changarawe. Tukazila hivyo hivyo. Tumbo likajaa upepo, tukashukuru.

Ndugu zangu, katika mwaka huo wa dengu Mungu alifungua kitu kilichokuwa kimefungwa, na kiburi changu akakivunja. Apewe sifa Yeye aliyenifikisha mbele yenu nikiwa na meno machache na furaha nyingi! Nawasalimu ninyi wa Kuluba, ninyi wa Koboko mjini, na ninyi mliotoka Arua. Mchungaji aliniambia niandike ushuhuda wangu usomwe kwenye mkutano wa akina mama. Mimi nilifika darasa la tatu tu, lakini herufi ninazijua na mdomo ninao. Nitaandika kama ninavyosema. Atakayeona haya afunike uso kwa kitenge, ila masikio asizibe.

Mimi ni mzaliwa wa Ajia, Mlugbara. Niliolewa huku kwa Wakakwa na mwanaume wa jeshi, ambaye mpaka leo, miaka mingi baada ya kuvua magwanda, anapiga pasi shati la kwenda shambani. Nimezaa tisa. Najua tumbo ni nini.

Sasa mjue kazi yangu, kwa maana bila kuijua kazi yangu hamtaelewa dhambi yangu. Katika ukoo wa mume wangu, msichana akipata mimba nyumbani kwa wazazi wake, wanawake wa ukoo wanampeleka kwa akina kijana. Tunaondoka mapema, tunafika kabla watu wa nyumba ile hawajashika jembe. Tunakaa chini katikati ya uwanja wao. Hatusalimii. Wakileta maji, hatunywi. Tunakaa tu, na yule msichana katikati yetu amefunikwa kichwa, mpaka wazee wao watoke na kusema wamemwona mtoto wao, yaani wamempokea. Hapo tunakunywa maji, tunamwacha, tunarudi. Mambo ya mbuzi wa fidia ni ya wanaume, yanakuja baadaye.

Aliyetangulia mbele ya wanawake hao nilikuwa mimi. Miguu yangu ilikuwa inajua njia zote za Kuluba. Na kabla ya kutoka, aliyeweka mkono juu ya tumbo la msichana na kusema ni mimba, na ya miezi mingapi, nilikuwa mimi pia. Hakuna aliyetafuta kipimo. Walisema, kwa nini kuhangaika na kipimo, na mkono wa mama upo hapa? Nikisema miezi minne, mtoto anazaliwa baada ya mitano. Watu walikuwa wananiita kutoka ng'ambo ya mto. Nilijivuna, ndugu zangu, sitaficha. Nilikuwa natembea mbele nimeinua kidevu kama bendera ya serikali.

Katika wajukuu wangu wote, aliyekaa kwa mkono wangu ni Kiden. Baba yake ni mwanangu wa tatu, naye ni askari, yuko mbali huko Karamoja. Mama yake alifariki Kiden akiwa hajaota meno. Mimi nilimlea. Ananiita Dede, kama Walugbara tunavyowaita nyanya zetu, ingawa yeye ni Mkakwa wa kupindukia. Mtoto wa akili! Darasani alikuwa wa pili, na yule wa kwanza ni mtoto wa mwalimu, kwa hiyo mimi namhesabu Kiden kuwa wa kwanza.

Kwa akina mama yangu kule Ajia, msichana akiona damu yake ya kwanza, anakwenda kumwambia nyanya yake, mama wa baba. Nyanya anampa kitambaa kipya, anamfundisha kujitunza, anampikia kuku. Nilitaka Kiden apate hayo. Kiden alipofika miaka kumi na mbili nilikwenda soko la Koboko nikanunua kitenge kizuri, cha bluu na ndege weupe, nikakiweka kwenye sanduku langu la bati. Nikamwonyesha. Nikamwambia, hiki ni chako, siku yako ikifika uje kwa Dede.

Akafika kumi na tatu. Akafika kumi na nne. Matiti yakaja, nywele zikaja, kimo kikanipita. Wenzake wote walikuwa wameshapata, ukiwaona tu wanavyokaa unajua. Kitenge changu kikabaki kwenye sanduku. Wanawake wakiuliza, nilikuwa nasema mjukuu wangu ni mti wa mvule, unakua polepole lakini ukikua mtaona.

Kisha maumivu yakaanza. Siku nyingine namkuta amejikunja sakafuni kama jongoo, jasho linatoka, meno yamebana. Nampa dawa ya minyoo. Nampa mizizi ya kuchemsha. Nalaumu dengu. Baada ya siku tatu nne anainuka, anakwenda shule, nami nasahau. Ndugu zangu, nilisahau! Nilikuwa na palizi, nilikuwa na kuku, nilikuwa na wasichana wa watu wa kupeleka.

Halafu tumbo likaanza kuonekana.

Matroni wa shule aliliona kabla yangu. Kiden akarudishwa nyumbani na karatasi. Karatasi haikusema mengi; ilisema mzazi aje, na kwamba mtoto akae nyumbani kwanza. Karatasi ya namna ile kila mtu anaijua. Wifi yangu Zubeda, dada wa mume wangu, yeye ni wa msikitini lakini katika mambo ya ukoo sisi ni kitu kimoja, alifika kabla sijamaliza kuisoma. Sijui nani alimwambia. Zubeda hahitaji kuambiwa.

Nikamlaza Kiden kwenye mkeka. Nikaweka mkono. Chini ya kitovu palikuwa na kitu cha mviringo, kigumu, kama papai bichi. Mkono wangu ukajua. Haukuuliza, haukungoja. Na mdomo wangu ukasema mbele ya Zubeda na mbele ya mzee wangu: "Hii ni mimba. Miezi mitano."

Mimi ndiye niliyesema kwanza. Si matroni, si Zubeda, si majirani. Mimi niliyemlea. Ndiyo maana ninaandika.

Kiden akasema kwa sauti ndogo, "Dede, mimi sijalala na mtu."

Nikamjibu kwamba tumbo halijazwi na upepo wa dengu. Nilitaka jina. Hakutoa jina. Siku tatu nilimfuata nyuma na swali lile lile, akichota maji namuuliza, akiosha vyombo namuuliza, na yeye anatazama chini. Mwisho Zubeda akaleta jina lake mwenyewe. Alisema Kiden ameonekana mara mbili akicheka na Taban, kijana anayeziba pancha pale senta, kwenye maduka. Kucheka mara mbili! Lakini kwa tumbo la miezi mitano, kucheka mara mbili kulitosha. Tukapanga siku ya Ijumaa asubuhi. Zubeda akasema wanawake saba watatosha. Nami ningetangulia, kama kawaida.

Hapo, ndugu zangu, nilikuwa naenda kumwacha mtoto wangu katika uwanja wa watu wasiomjua, kwa kijana ambaye hajawahi kumgusa, akiwa na ugonjwa ambao ungemuua kwenye mkeka wa kigeni. Na ningerudi nyumbani nimeinua kidevu.

Alhamisi mchana, jua likiwa juu ya kichwa, nilikwenda nyuma ya jiko kutafuta kuni. Nikamkuta Kiden amechuchumaa ukutani, analia bila sauti. Nikamuuliza nini. Akasema mkojo umekataa. Tangu jana unatoka matone. Amejaribu, amejaribu, tumbo linataka kupasuka.

Nikakaa chini pale kwenye majivu. Nikamvuta akaegemea kwangu, nikaweka mkono tena juu ya tumbo lake. Safari hii sikuweka kama hakimu. Niliweka kama nyanya, nikauacha mkono ukae. Nikangoja mtoto acheze. Mimba ya miezi mitano inacheza, nimebeba tisa, najua. Anapiga teke, anageuka, anakukumbusha kwamba yupo. Nilingoja mpaka kivuli cha ukuta kikafika kwenye miguu yetu. Hakuna kilichocheza. Kile kitu kilikuwa kimya kama jiwe, lakini cha moto.

Nikamuuliza, maumivu yale yanakuja lini? Aliinuka kwa shida, akanishika mkono, akanionyesha nyuma ya mlango wa jiko. Palikuwa na mistari ya mkaa. Mmoja kwa kila mwezi wa maumivu, na kila mmoja ameuweka mwezi ukiwa mpya. Nikaihesabu: kumi na moja. Mlango huo naufungua kila siku ya Mungu, na nyuma yake sikuwa nimetazama.

Akasema, "Nilikuwa nangoja kitambaa, Dede. Kila mwezi inauma, nasema leo inakuja. Haikuji. Nikaona haya. Wewe umenunua, na mimi nakawiza."

Ndugu zangu! Nimezika watoto wawili, lakini maneno yale yalinikata mahali ambapo sijawahi kukatwa. Kumi na moja. Damu ilikuwa inakuja kila mwezi kwa wakati wake na haitoki. Mimi sina shule, sikujua inakwenda wapi, lakini nilijua jambo moja: mtoto huyu hakudanganya. Mkono wangu ndio uliodanganya.

Nilitaka kuondoka naye saa ile ile, lakini alipokaa juu ya beseni la maji ya moto mkojo ulitoka kidogo, akapata usingizi, nami nikasema tutaondoka alfajiri kabla wanawake hawajafika. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Zubeda ni mtu wa kuchelewa lini?

Asubuhi natoka nje na mfuko wangu, nawakuta wameshakaa uwanjani, wote saba, wamevaa vizuri, wamefunga vitambaa vya kichwa. Shemeji yangu, kaka wa mume wangu, amekuja na fimbo yake ili kutuaga. Kitambaa cha kumfunika Kiden kiko tayari. Walisimama waliponiona. Wakapanga mstari nyuma yangu, kama wanavyozoea, wakangoja nitangulie.

Kazi ile ilikuwa heshima yangu yote. Nikageuka nikawatazama, nikasema:

"Miguu yangu haiendi huko. Tafuteni miguu ingine."

Shemeji akauliza kama nimelewa. Zubeda akaweka mikono kiunoni. "Wifi, mkono yako ilisema miezi tano. Sasa miguu inakataa. Wewe uko mutu moja ao uko vipande?"

Wengine wakacheka. Nikasema mkono umekosea. Sikuwahi kusema neno hilo maishani, lilitoka kama mfupa unaotoka kooni. Nikasema hii si mimba, ni ugonjwa, na mimi nampeleka mtoto hospitali. Shemeji akaanza kusema juu ya aibu ya ukoo, kwamba akina Taban wameshasikia tunakuja, kwamba tusipokwenda leo watatucheka mpaka Yei, ng'ambo ya mpaka. Akasema wanawake waende bila mimi. Wawili wakamsogelea Kiden na kile kitambaa. Mtoto amesimama mlangoni, ameshika tumbo, amepauka kama unga wa muhogo.

Mzee wangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake wakati wote huo, anapiga buti rangi. Akasimama. Akapita katikati yao mpaka mlangoni, akasimama mbele ya Kiden na brashi yake mkononi. Akasema kwa Kiswahili chake cha kambini, "Kama mama hapana kwenda, basi hakuna patroli. Kila mutu rudi kwa nyumba yake."

Wakatawanyika. Zubeda peke yake alibaki, akisema tutaona, tutaona, mtoto atazaliwa tutaona. Mzee akapiga simu, boda boda ikaja, tukapanda watatu: dereva, Kiden katikati, na mimi nyuma nimemshikilia. Kila shimo la barabara alilia. Nilikuwa namwomba Mungu kwa kila shimo.

Hospitali ya Koboko walimpokea vizuri. Walimtoa mkojo kwa mpira, chupa nzima, nusu ya maumivu ikaondoka hapo hapo. Wakaupima ule mkojo. Nesi akaja akasema, mama, hana mimba. Nikamshika nesi yule nikambusu mkono, akashtuka. Halafu akasema jambo la pili: lakini kuna uvimbe mkubwa ndani, hatuwezi kujua ni nini, mwende Arua kwa daktari wa akina mama.

Uvimbe! Ndugu zangu, furaha yangu haikufika hata kwenye geti. Mwanamke mmoja wa Ajia, tuliyecheza naye utotoni, aliondolewa na uvimbe. Tukapanda gari la abiria kwenda Arua. Kiden alilala juu ya mapaja yangu, naye ni mrefu kunipita, miguu inaning'inia kwa watu wengine, na watu wale, Mungu awabariki, hawakulalamika. Nilikuwa nasema moyoni: Bwana, mkono wangu umedanganya, wako hauwezi kudanganya. Uweke wewe.

Kule Arua daktari alikuwa mwanamke, mdogo, umri wa binti yangu wa mwisho. Nikafikiri, huyu atajua nini? Bado kiburi kilikuwa kinanitoka polepole. Alimpiga picha ya tumbo kwa mashine, akauliza maswali. Nikamwambia juu ya mistari ya mkaa. Aliacha kuandika, akanitazama, akasema hiyo mistari imemsaidia kuliko mashine. Kisha akamtazama Kiden kule chini, kwa upole, mimi nimemshika mtoto mkono. Haikuchukua muda. Akaniita nione.

Niwaambie wazi, akina mama. Pale ambapo pana njia ya uke, kwa Kiden hapakuwa na njia. Palikuwa na ngozi nyembamba, imevimba kuja nje, rangi ya bluu kama zambarau iliyoiva. Daktari akasema, "Mama, amezaliwa hivi. Hapa hakuna mlango. Hakuna mtu amepita, na hakuna kitu kimetoka. Damu yake ya miezi yote iko ndani, imejaa, inabana kibofu."

Nikakaa kwenye sakafu ya hospitali, mama mzima. Nilimwosha mtoto huyu tangu akiwa mchanga, nilimpaka mafuta, na sikuona. Daktari akasema wakunga wengi pia hawaoni, ni jambo linalojificha mpaka wakati wa damu ufike. Nikamuuliza kama ni laana. Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya kitu alichokula mama yake, au dhambi ya baba yake huko jeshini. Akasema hapana, hapana, na hapana. Akasema mtoto anafumwa tumboni, na mara nyingine kipande kimoja hakimaliziki. Wengine wanazaliwa na ukuta ndani ya njia. Wengine na mfuko wa uzazi uliogawanyika mara mbili. Wengine bila mfuko kabisa, na hao nao ni wanawake kamili, wanahitaji kuambiwa ukweli na kupendwa. Akasema wa Kiden ni ule mwepesi kuliko yote, unahitaji kukatwa kidogo tu.

Nikamuuliza swali ambalo nyote mngeuliza. Mkikata hapo, siku ya kuolewa watu watasema nini? Daktari akacheka kidogo. "Mama, nisipokata, hakuna hedhi, hakuna mtoto, na figo zitaharibika. Anayetaka kuuliza, mwambie aje aniulize mimi." Hata hivyo alimgeukia Kiden mwenyewe, akamweleza yote tena na kumuuliza kama anakubali. Kiden akasema, "Kata tu, daktari. Hata sasa hivi."

Walimpeleka chumba cha upasuaji kesho yake asubuhi. Nilikaa kwenye benchi nje. Kanga yangu niliitafuna mpaka ikawa na tundu, mtaiona, bado ninayo. Muda haukuwa mrefu kama nilivyoogopa. Nesi akatoka akasema kila kitu kimekwenda sawa, na damu iliyotoka ilikuwa nyeusi na nzito kama asali ya zamani iliyokaa kwenye kibuyu, imejaza beseni. Nikasema, jaza mawili ukitaka, ilimradi itoke!

Nilipoingia, Kiden alikuwa amelala chali. Chali! Miezi yote ile alikuwa analala amejikunja. Tumbo lilikuwa limeshuka, limekuwa tumbo la msichana. Mdomo wazi, anakoroma kama babu yake. Nikakaa pembeni yake nikalia mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akadhani mtoto amefariki, akaanza kulia pamoja nami. Ikabidi nimweleze kwamba ni furaha. Tukacheka wote wawili. Kiden akaamka, neno lake la kwanza likawa soda. Nikamnunulia mbili.

Tulirudi nyumbani baada ya siku chache, na daktari ameandika karatasi. Mzee aliichukua ile karatasi, akavaa shati la pasi, akaenda nayo kwa kaka yake. Waliyozungumza mimi sijui. Fimbo ya shemeji haijaonekana tena kwenye uwanja wangu.

Lakini mimi nilikuwa na deni la miguu. Asubuhi moja mapema nilitoka peke yangu, nikaenda mpaka kwa akina Taban. Nikakaa chini katikati ya uwanja wao, kama ninavyojua kukaa. Mama yake akatoka, akaniona, akashika mdomo. Alidhani nimemleta msichana. Akaleta maji. Sikunywa. Baba yake akatoka, Taban mwenyewe akatoka na mikono yake ya grisi. Ndipo nikasema nimekuja peke yangu, kuomba msamaha kwa kulichafua jina la kijana wao bila sababu, na kwamba mkono uliosema uongo ni huu hapa. Nikaunyoosha wauone. Yule baba aliutazama mkono. Kisha akasema, mama, kunywa maji. Nikanywa. Sijawahi kunywa maji matamu kama yale.

Zubeda alikuja mwenyewe, amebeba kuku. Hakusema samahani, Zubeda hajui neno hilo linaandikwaje. Alisema, "Huyu kuku ananisumbua kwa nyumba, mpikieni mutoto." Tukampokea.

Na sikilizeni hili. Mwezi uliofuata, nikiwa napepeta unga, Kiden akaja nyuma yangu, akainama mpaka kwenye sikio langu. Alisema maneno mawili tu: "Dede, imekuja." Niliwaachia kuku unga ule. Nikaenda kwenye sanduku la bati, nikatoa kitenge cha bluu chenye ndege weupe. Kilikuwa na mikunjo ya miaka. Mistari ya mkaa nyuma ya mlango nikaifuta kwa maji, isipokuwa mmoja niliouacha ili nisisahau tena.

Leo amerudi shule. Ni wa pili bado. Huyo mtoto wa mwalimu ajiangalie.

Namshukuru Mungu aliyemwumba Kiden, na ambaye alipoacha kazi kidogo ya kumalizia alimpa daktari akili ya kuimaliza. Namshukuru kwa kuniaibisha mapema, kabla sijafika uwanja ule Ijumaa. Akina mama, mwanao akifika miaka kumi na tano bila damu, au tumbo likimuuma kila mwezi na hakuna kinachotoka, usiite mkono wa mtu, usiite mganga, usiite ukoo. Mpeleke hospitali. Na ninyi wasichana mnaosikiliza huku mmeinamisha vichwa, semeni. Sema kwa nyanya, sema kwa nesi, sema kwa Bwana. Yeye hana haya na mwili alioufanya mwenyewe. Mwaminini! Nilimwamini kwenye boda boda, kwa kila shimo, na hakuniacha.

Wiki iliyopita walikuja wanawake kutoka ng'ambo ya mto. Wana msichana, tumbo limeonekana, jina la kijana wanalo. Waliniambia niweke mkono, nitangulie mbele, kama zamani, maana hakuna anayejua kukaa uwanjani kama mimi. Nikawauliza kama mtoto ameonwa na daktari. Hawajaenda. Nikawauliza kama yeye mwenyewe ameulizwa na akasikilizwa. Hawajamuuliza. Nikasema hata kama ni mimba kweli, huyo ni mtoto, na uwanja wa watu si mahali pa kumwacha. Mleteni kwangu, nitakaa naye, kesho twende wote kituo cha afya. Wakasema hawakuja kwa ajili ya hayo, wamekuja kutafuta wa kuwatangulia njiani. Wakasimama, wakapanga mstari, wakangoja.

Nikawaambia:

"Miguu yangu haiendi huko. Tafuteni miguu ingine."